Matiko ya Chuma: Fezi za Muda katika Aloi Zilizopozwa Ghafla

Mhunzi aijuaye kazi yake anafahamu kwamba tindo iliyofuliwa kutokana na springi kuukuu ya gari, ikiachwa ipoe polepole kando ya moto, haifai kitu. Makali yake hupinda mara yanapogongwa juu ya chuma kingine. Tindo hiyo hiyo ikirudishwa motoni mpaka ikawa nyekundu, kisha ikatumbukizwa majini ghafla, hupata ugumu ambao hata tupa huteleza juu yake bila ya kuikwangua. Kazi hii ndiyo iitwayo kutia matiko. Lakini mhunzi anafahamu jambo la pili pia. Tindo iliyotiwa matiko na kuachwa hivyo hivyo ni ya hatari. Pigo la kwanza la nyundo laweza kuivunja kama chungu, na kibanzi chake kikaruka hadi kwenye jicho la mfanyakazi. Kwa sababu hiyo huipasha moto mara ya pili, moto wa kadiri, kabla ya kuikabidhi kwa mwenyewe.

Mambo haya yanaleta swali ambalo kila mwanafunzi wa kemia anapaswa kujiuliza. Maji hayakuongeza kitu chochote ndani ya chuma. Tindo ikipelekwa maabara kabla ya kutiwa matiko na baada yake, wapimaji watakuta chuma kile kile na kaboni ile ile, kwa kiasi kile kile. Ikiwa hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa, ugumu umetoka wapi?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Tutaona kwamba jibu lake linahusu mpangilio wa atomi, na kwamba linafafanua pia mambo mengine yaliyo mbali na kiwanda cha mhunzi, kama vile aluminamu ya ndege, metali zilizo na muundo kama wa kioo, na uvumbuzi mmoja ulioleta ubishi mkubwa kabla ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011.

1. Aloi, fuwele na fezi

Aloi ni mchanganyiko wa metali mbili au zaidi, au wa metali na elementi isiyo metali, wenye tabia za kimetali. Shaba nyeupe, shaba nyeusi na feleji zote ni aloi. Feleji ni aloi ya chuma na kaboni kidogo. Springi ya gari, kwa mfano, ina kaboni ya takriban asilimia 0.6 kwa uzito. Ufundi wa kutengeneza chuma chenye kaboni si mgeni katika nchi zetu. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi matanuri ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, yalivyotoa chuma cha aina hiyo, na wakaonyesha kwamba ufundi huo una umri wa miaka 1500 hadi 2000.

Katika metali ngumu atomi hujipanga kwa utaratibu unaojirudia kila upande. Mpangilio huo huitwa fuwele. Sehemu ya aloi yenye mpangilio mmoja na tabia moja huitwa fezi. Barafu, maji na mvuke ni fezi tatu za kitu kimoja, nasi tumezoea kuzitambua kwa macho. Katika metali jambo hili limefichika zaidi, kwa sababu fezi mbili zaweza kuwa yabisi zote mbili, na zikafanana kabisa kwa nje.

Chuma safi kinatupa mfano mwema. Chini ya nyuzi 912 za Selsiasi, atomi zake hujipanga katika michemraba yenye atomi moja kwenye kila pembe na moja katikati. Fezi hii huitwa feriti. Kati ya nyuzi 912 na nyuzi 1394 atomi hujipanga upya, zikawa kwenye kila pembe ya mchemraba na katikati ya kila uso wake. Fezi hii huitwa osteniti, kwa heshima ya Mwingereza William Roberts-Austen. Katika osteniti atomi zimesongamana zaidi, lakini nafasi zilizobaki kati yake, ingawa ni chache, ni pana zaidi moja moja. Kwa hiyo atomi ndogo za kaboni hupata mahali pa kukaa. Osteniti yaweza kubeba kaboni hadi asilimia 2 hivi. Feriti haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 0.02. Tofauti hii ni kubwa mno, na ndiyo msingi wa yote yatakayofuata.

2. Utengemavu wa aina mbili

Chukua tofali ulilaze juu ya meza. Hata ukilisukuma kidogo, halianguki, kwa kuwa uzito wake umekwisha fika chini kadiri uwezavyo. Huo ni utengemavu kamili. Sasa lisimamishe tofali hilo wima. Nalo litasimama, pengine kwa miaka, iwapo hakuna mtu wa kuligusa. Lakini ukilisukuma vya kutosha litaanguka na kulala, wala halitasimama tena lenyewe. Tofali lililosimama wima lina utengemavu wa muda. Yapo mahali pengine penye nishati ndogo zaidi ambapo lingependa kufika, lakini kati yake na mahali hapo pana kizuizi: ni lazima kwanza liinuliwe kidogo juu ya ukingo wake ndipo lianguke.

Fezi nyingi zina hali kama hiyo, nasi tutaziita fezi za muda. Asali safi iliyo majimaji ina sukari nyingi kuliko ile ambayo maji yake yangeweza kuishika daima, na ndiyo maana baada ya miezi kadhaa huanza kuganda chembe chembe. Almasi nayo, katika shinikizo la kawaida la hewa, ni fezi ya muda. Fezi tengemavu ya kaboni ni grafiti, ile iliyomo ndani ya penseli. Hata hivyo hakuna mwenye pete ya almasi anayeogopa kuamka asubuhi na kuikuta imekuwa grafiti, kwa sababu kizuizi kilichopo ni kirefu mno.

Msomaji azingatie basi kwamba neno "muda" halina maana ya muda mfupi. Lina maana kwamba kitu kimesimama mahali ambapo si pa mwisho. Muda wenyewe waweza kuwa dakika moja au miaka milioni. Hutegemea urefu wa kizuizi na halijoto iliyopo, kwa kuwa joto ndilo linalozisukuma atomi.

3. Chuma kipoapo polepole

Tuchukue feleji yenye kaboni ya asilimia 0.8 kwa uzito. Kwa hesabu ya atomi, hii ni takriban atomi moja ya kaboni kwa kila atomi 27 za chuma. Tukiipasha moto hadi nyuzi 800 itakuwa osteniti tupu, na kaboni yote itakuwa imetapakaa ndani yake sawasawa, kama sukari ndani ya chai.

Sasa tuiache ipoe polepole. Inapofika chini ya nyuzi 727, osteniti haitengemai tena. Chuma chataka kuwa feriti. Lakini feriti katika halijoto hiyo ina nafasi ya takriban atomi moja tu ya kaboni kwa kila atomi 1000 za chuma. Kaboni iliyobaki lazima ihame. Atomi zake hujipenyeza kutoka mahali hadi mahali, zikajikusanya katika fezi nyingine iitwayo sementiti, ambayo kwayo kila atomi tatu za chuma zina atomi moja ya kaboni. Matokeo yake ni tabaka nyembamba za feriti laini na sementiti ngumu zinazopishana, kama kurasa za kitabu. Mpangilio huu huitwa perliti, kwa sababu chini ya hadubini hung'aa kama lulu. Perliti ina nguvu za wastani na yaweza kupinda bila ya kuvunjika.

Ni vema kutaja hapa jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimya. Sementiti yenyewe ni fezi ya muda. Kwa haki, kaboni ndani ya chuma ingetakiwa kujitenga na kuwa grafiti. Katika feleji ya kawaida jambo hilo halitokei kwa umri wa mtu, lakini katika chuma cha kusubu, chenye kaboni nyingi na silikoni, hutokea wazi. Chuma hicho kikipoa polepole ndani ya kalibu hupata grafiti, na kinapovunjika rangi yake ni ya kijivu. Kikipozwa upesi hupata sementiti, na kinapovunjika huwa cheupe, tena kigumu mno hata hakichongeki.

4. Chuma kipozwapo ghafla

Katika safari ya kupoa tuliyoieleza, neno muhimu ni "kuhama". Kuhama kwahitaji muda. Je, itakuwaje tukiinyima kaboni muda huo?

Kwa feleji ya asilimia 0.8 ya kaboni, mahali pa hatari ni karibu na nyuzi 550. Hapo perliti huanza kutokea baada ya takriban sekunde moja tu. Juu ya halijoto hiyo msukumo wa kubadilika bado ni mdogo. Chini yake atomi zimekuwa nzito wa kutembea. Ikiwa chuma kitapita mahali hapo kabla ya sekunde hiyo kwisha, kitafika chini kikiwa bado ni osteniti, ingawa hakistahili kuwa osteniti tena. Ndiyo sababu mhunzi hasiti baina ya moto na maji. Ndiyo sababu pia huitikisa tindo ndani ya maji: chuma chekundu hujifunika tando la mvuke linalozuia joto lisitoke, na kukitikisa hulivunja tando hilo. Maji ya chumvi hupoza upesi zaidi kuliko maji matupu; mafuta hupoza polepole zaidi.

Inapofika kati ya nyuzi 250 na 200, osteniti hiyo haiwezi kuvumilia tena. Kaboni haina tena uwezo wa kuhama upesi, lakini atomi za chuma zaweza kufanya jambo jingine. Kwa pamoja, kama askari wa gwaride wanaogeuka kwa amri moja, husogea kila moja kwa umbali mdogo kuliko nafasi iliyopo kati yake na jirani yake, na mpangilio mzima hubadilika. Badiliko hili halingojei atomi moja moja. Huweza kukimbia ndani ya chuma kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti ndani ya metali hiyo. Chuma kingetaka kuwa feriti, lakini kaboni imenaswa ndani yake na kuivuta michemraba hata ikawa mirefu upande mmoja. Fezi hii iliyovutika huitwa martensiti, jina alilolitoa Mfaransa Floris Osmond mwaka 1895 kwa heshima ya Mjerumani Adolf Martens.

Martensiti haimo katika orodha ya fezi tengemavu za chuma na kaboni. Ni fezi ya muda kwa kila hali. Hata hivyo ugumu wake ni mara tatu au nne ya ule wa perliti yenye kaboni sawa. Metali hupinda pale safu za atomi zinapoteleza moja juu ya nyingine. Ndani ya martensiti kila safu imejaa mikunjo na atomi za kaboni zinazoizuia kuteleza. Hilo ndilo jibu la swali letu la kwanza. Maji hayakuongeza kitu, yaliondoa muda.

Lakini kizuiacho kuteleza huzuia pia kupinda, na chuma kisichoweza kupinda hupasuka. Zaidi ya hayo, martensiti huchukua nafasi kubwa kuliko osteniti, kiasi cha asilimia 4 hivi. Ngozi ya nje ya tindo hugeuka kwanza na kuwa ngumu. Kiini hugeuka baadaye, hutanuka, na kuisukuma ngozi hiyo. Ndipo tunaposikia ule mlio mdogo ndani ya ndoo, na tindo ikatoka na ufa. Ili kuepuka hasara hiyo, viwanda hutia kromi, manganisi, nikeli au molibdeni ndani ya feleji. Elementi hizi huchelewesha kutokea kwa perliti, hata feleji ikaweza kutiwa matiko katika mafuta, na nyingine katika hewa tu. Hii ndiyo sababu springi nyingi za magari hupasuka zikitumbukizwa katika maji baridi, lakini hufaulu vema katika mafuta.

5. Kurudi motoni, na hesabu yake

Moto wa pili wa mhunzi sasa waeleweka. Kwa kupasha martensiti joto la kadiri, kaboni hupewa ruhusa ndogo ya kuhama. Baadhi yake hujitenga katika chembe ndogo sana, na mvutano hupungua. Ugumu kidogo hupotea, na uwezo wa kustahimili pigo hupatikana. Mhunzi hupima joto hilo kwa rangi ya tando la oksidi linalojitokeza juu ya chuma kilichosuguliwa kikang'aa: rangi ya majani makavu karibu na nyuzi 230, kahawia karibu na 255, zambarau karibu na 275, na buluu karibu na 300. Wembe hutaka rangi ya kwanza. Springi hutaka ya mwisho.

Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanaweza kuona kwa hesabu jinsi joto linavyotawala muda. Kasi ya kuhama kwa atomi hufuata kipeo e^(−E/RT), ambapo E ni kizuizi cha nishati, R ni 8.31 J kwa moli kwa kelvini, na T ni halijoto katika kelvini. Kwa kaboni ndani ya feriti, E ni takriban joule 80,000 kwa moli. Tulinganishe nyuzi 727, yaani kelvini 1000, na nyuzi 27, yaani kelvini 300:

(80,000 ÷ 8.31) × (1/300 − 1/1000) = 22.46 hivi, na e^22.46 ni takriban bilioni 5.7.

Maana yake ni kwamba safari ambayo kaboni huimaliza kwa sekunde moja katika nyuzi 727, itaimaliza kwa miaka 180 hivi katika nyuzi 27. Tukirudia hesabu kwa nyuzi 300, yaani kelvini 573, tunapata takriban dakika 22. Msomaji ataona mara moja kwa nini tindo hukaa na ugumu wake kwa maisha yote ya fundi ikiwa katika sanduku la zana, lakini huupoteza kwa muda mfupi ikichongwa kwa kinu cha umeme mpaka ikawa buluu.

Wilhelm Ostwald, mwanakemia aliyezaliwa Riga, alitambua mwaka 1897 kwamba kitu kinapotoka katika hali isiyo tengemavu, mara nyingi hakiruki moja kwa moja hadi hali ya mwisho. Hushuka ngazi kwa ngazi, kikianza na ile iliyo rahisi kuifikia. Martensiti inayopashwa moto hufanya hivyo hasa: kwanza hutoa kabidi nyingine ya muda, na baadaye, joto linapozidi, sementiti.

6. Jaribio la darasani

Jaribio hili lahitaji sindano nne za kushonea, msumari mwembamba mmoja, koleo, taa ya maabara au jiko la makaa, kikombe cha maji, jivu kavu na msasa. Wanafunzi wavae miwani ya kukinga macho, na kila sindano ipindwe ikiwa imefunikwa kwa kitambaa kinene.

(a) Sindano ya kwanza iachwe kama ilivyo, kwa kulinganishia.
(b) Sindano ya pili ipashwe moto hata iwe nyekundu iliyokolea, kisha ifukiwe ndani ya jivu la moto mpaka ipoe. Itapinda kama waya.
(c) Sindano ya tatu ipashwe vivyo hivyo, kisha itumbukizwe majini bila kukawia. Itavunjika mara ijaribiwapo kupindwa.
(d) Sindano ya nne ifanywe kama ya tatu, isuguliwe kwa msasa mpaka ing'ae, kisha ipitishwe juu ya moto mdogo mpaka iwe buluu. Itapinda kidogo na kurudi kama springi.
(e) Msumari ufanywe kama sindano ya tatu. Utapinda bila ya kuvunjika.

Mwalimu asiruke hatua ya mwisho. Msumari wa kawaida una kaboni kidogo sana, mara nyingi isiyozidi asilimia 0.1 hivi. Maji ni yale yale na moto ni ule ule, lakini hakuna kaboni ya kutosha ya kunaswa. Wanafunzi watajionea kwamba kupoza ghafla hakutoshi. Sharti pawe na kitu kilichotaka kuhama kikazuiwa.

7. Aluminamu iliyojifanya ngumu

Mwaka 1906 huko Ujerumani, Alfred Wilm alikuwa akichunguza aluminamu yenye shaba ya asilimia 4 hivi na magnesi kidogo. Aliipasha moto karibu na nyuzi 500 na kuipoza ghafla majini, akitumaini kuifanya ngumu kama feleji. Ilitoka laini. Lakini alipoipima tena baada ya siku chache aliikuta imekuwa ngumu, ingawa hakuna aliyeigusa. Aloi hiyo ikapewa jina la Duralumin, nayo na ndugu zake ndizo zilizojenga ndege za metali.

Kilichotokea kilijulikana mwaka 1938, pale Mfaransa André Guinier na Mwingereza George Preston, kila mmoja peke yake, walipoichunguza kwa eksirei. Atomi za shaba zilizonaswa kwa kupozwa ghafla zilikuwa zikihama polepole na kujikusanya katika visahani vyembamba mno, vyenye unene wa atomi moja au chache. Visahani hivyo ni ngazi ya kwanza tu. Joto likiongezwa hufuata fezi mbili nyingine za muda, na mwishoni ile tengemavu, yenye atomi mbili za aluminamu kwa moja ya shaba. Ugumu mkubwa hupatikana katikati ya ngazi hizo. Aloi ikifikishwa mwisho huwa laini tena. Katika viwanda vya ndege ribiti za aina hii ziliwekwa katika barafu baada ya kupozwa, ili zibaki laini mpaka saa ya kugongwa. Zikiisha kugongwa hujifanya ngumu mahali pake.

8. Metali zilizo kama kioo

Je, yawezekana kuipoza metali iliyoyeyuka upesi hata isipate nafasi ya kujipanga kabisa? Mwaka 1960 W. Klement, R. Willens na Pol Duwez wa California walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamefaulu. Walichukua aloi ya atomi 75 za dhahabu kwa 25 za silikoni, wakaitupa kwa nguvu ikiwa tone dogo juu ya shaba baridi, nayo ikasambaa na kupoa kwa kasi ya karibu nyuzi milioni moja kwa sekunde. Iliganda ikiwa na mpangilio kama wa majimaji, bila ya fuwele.

Uchaguzi wa metali hizo haukuwa wa kubahatisha. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064 na silikoni kwenye nyuzi 1414, lakini zikichanganywa kwa uwiano unaofaa hubaki majimaji hadi nyuzi 363. Kwa hiyo hatua ya hatari, ambayo fuwele zaweza kuota, ni fupi.

Ngozi ile ya kwanza ilikuwa dhaifu kwa utengemavu. Lakini baadaye zilipatikana aloi za chuma, boroni na silikoni zinazomiminwa juu ya gurudumu la shaba lizungukalo kwa kasi, zikatoka kama utepe wenye unene wa takriban milimita 0.025. Utepe huo hugeuza usumaku wake kwa urahisi mkubwa, kwa kuwa hauna mipaka ya fuwele ya kuuzuia. Transfoma zilizotengenezwa kwa utepe huo hupoteza umeme kidogo zaidi zikiwa hazina mzigo, hata upotevu ukapungua kwa theluthi mbili au zaidi. Mwaka 1993 Atakan Peker na William Johnson walionyesha aloi ya zirkoni, titani, shaba, nikeli na berili ambayo hubaki kioo hata ikipozwa kwa nyuzi chache tu kwa sekunde. Atomi za ukubwa mbalimbali zinapochanganywa hushindwa kujipanga upesi.

9. Fuwele zisizojirudia

Tarehe 8 Aprili 1982, katika maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Gaithersburg, Dan Shechtman kutoka Israeli alikuwa akitazama kwa hadubini ya elektroni aloi ya aluminamu na manganisi iliyopozwa ghafla. Aliona nukta kumi zilizopangika katika duara. Nukta kali namna hiyo ni dalili ya utaratibu. Lakini sheria za fuwele zilizofundishwa wakati huo zilisema kwamba mpangilio unaojirudia hauwezi kuwa na ulinganifu wa tano au wa kumi, kama vile sakafu haiwezi kufunikwa kwa vigae vya pembe tano zilizo sawa bila ya kubaki mapengo.

Wengi hawakumsadiki. Matokeo yalichapishwa Novemba 1984 tu, pamoja na Ilan Blech, Denis Gratias na John Cahn. Linus Pauling, aliyekuwa na Tuzo mbili za Nobel, aliendelea kuyapinga hadi kufa kwake mwaka 1994, akidai kwamba ni fuwele za kawaida zilizoshikana kwa pembe. Vipimo vya wengine vilithibitisha kwamba aloi ile ina utaratibu usiojirudia, na Shechtman akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2011. Fezi yake ilikuwa ya muda. Ikipashwa moto hugeuka fuwele ya kawaida. Lakini mwaka 1987 An-Pang Tsai na wenzake huko Japani walipata fezi ya jinsi hiyo katika aloi ya aluminamu, shaba na chuma, iliyo tengemavu. Kupoza ghafla kulifungua mlango ambao baadaye ulipatikana kufunguka hata polepole.

10. Muhtasari

Fezi anayoikuta fundi ndani ya aloi hutegemea vitu viwili: elementi zilizomo, na njia iliyopitiwa katika kupashwa moto na kupozwa. Chati za fezi zinazochorwa ubaoni huonyesha mahali pa mwisho pa safari. Hazionyeshi muda wa safari yenyewe. Martensiti, visahani vya shaba ndani ya aluminamu na utepe wa transfoma vyote ni vituo vya njiani, navyo hubeba mizigo mizito kila siku. Hatari huja pale mtumiaji anapousahau mpaka wa joto ambao kituo hicho kinaweza kuustahimili. Aunguzaye tindo juu ya kinu, au aichomeleaye springi kwa gesi ili kuiunga, hajabadilisha hata atomi moja kwa nyingine. Lakini amezipa atomi muda uliokuwa umezuiwa, na chombo anachokirudisha kazini si kile kilichokuwa kimepimwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sindano iliyotiwa matiko ina uzito na elementi zile zile kama iliyopozwa polepole, lakini tabia zake ni tofauti?
2. Fundi mmoja alitia matiko tindo nene katika maji baridi ikapasuka. Eleza sababu mbili, kisha mshauri la kufanya.
3. Rudia hesabu ya sehemu ya 5 kwa atomi za chuma zenyewe, ukichukua E kuwa joule 250,000 kwa moli. Jibu lako lasema nini kuhusu mwendo wa atomi hizo katika halijoto ya chumbani?
4. Ribiti za Duralumin zingewekwa kando ya jiko badala ya ndani ya barafu, fundi angepata taabu gani?
5. Taja kitu kimoja cha nyumbani, kisicho metali, kilicho katika utengemavu wa muda. Eleza kizuizi chake, na kinachoweza kukivusha kizuizi hicho.